Ubavuni mwa Mejumaa

Hapo zamani, katika nchi ya vilima iitwayo Mwamtunda, palikuwa na binti mwenye baba wawili, lakini hakuwa na jina la baba hata mmoja. Tegeni masikio taratibu. Hadithi hii haina haraka.

Binti huyo aliitwa Nyamvula. Mama yake, Mejumaa, alikuwa mfinyanzi. Siku moja Mejumaa alikwenda kuchimba udongo chini ya mlima, na Zimwi Gorongondo akashuka akamchukua.

Gorongondo alikuwa mrefu kuliko mvule. Alijitanda moshi mabegani kama joho, na kwenye kipaji cha uso alikuwa na pembe mbili, kila moja kama mchi wa kutwangia. Kila mwaka alishuka akachukua watu wa kumpasulia mawe huko juu, na waliochukuliwa hawakurudi. Akiwa na furaha aliimba, na wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Dunia nitaifunga kamba kama mbuzi, na kamba nitaishika mimi!"

Mejumaa alikaa huko miaka mitatu. Mwaka wa nne alitoroka, akarudi kijijini na mtoto wa kike mgongoni. Wanawake walipomfunua mtoto walikuta vinundu viwili kipajini. Wakamfunika upesi. Hakuna aliyewafungulia mlango ila mtu mmoja, mnoa mapanga aliyeitwa Ndaro, aliyekuwa na mguu mmoja mbovu. Ndaro alisema, "Mama, ingia. Mtoto ana njaa, mengine tutayaona." Baadaye akamwoa.

Nyamvula akakua, na pembe zikakua. Pembe zilipokua, nguvu zikaja. Alipokuwa na miaka saba aliinua ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Alipokuwa na miaka minane aliruka kutoka ardhini akatua juu ya paa. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake akaugua.

Mejumaa alimwita mumewe na dada yake, Nimbodze. Mtoto alikuwa ameketi miguuni, anasikia. Mejumaa akasema, "Ubavuni mwangu, upande wa kulia, msimlaze mtu. Mwekeeni yule atakayetoa uhai wake kwa ajili ya mwanangu. Huyo ndiye baba yake." Akatoa shahada, akafa.

Wasia huo haukuwa jambo dogo. Desturi ya Mwamtunda ni hii: kila Ijumaa asubuhi, aliyefiwa na wazazi huenda makaburini, huketi katikati ya kaburi la mama na kaburi la baba, akawasomea Yasini. Na aliyelala ubavuni mwa mama, jina lake ndilo mtoto huitwa. Kwa hiyo Nyamvula alikua akiketi na kaburi upande mmoja, na majani upande wa pili. Wenzake waliitwa binti fulani, binti fulani. Yeye aliitwa Nyamvula, basi.

Sasa sikieni habari ya tupa.

Wazee wa kijiji walikuwa wamesema, "Msichana mwenye pembe asiingie kisomoni, kwenye darasa la Kurani la kila Ijumaa. Anatisha watoto." Hapo Ndaro akaanza kazi. Kila Alhamisi alasiri alimkalisha Nyamvula kwenye kigoda, akaweka kitambaa kilicholoweshwa kwenye kipaji, akachukua tupa yake ya kunolea mapanga, akazikwangua pembe mpaka zikalingana na ngozi. Alikwangua polepole, huku akipuliza vumbi.

"Inauma, mwanangu?"

"Haiumi, baba. Inawasha."

"Vumilia. Kesho utakaa na wenzako."

Pembe zikikwanguliwa, nguvu huondoka. Ijumaa na Jumamosi Nyamvula alikuwa msichana kama wengine, ndoo moja ya maji ikimchosha. Jumapili pembe huchomoza tena, na nguvu hurudi. Siku hizo, mtu akipiga debe mara tatu, Nyamvula hufunga kanga ya mama yake shingoni, akaruka, kanga ikipepea mgongoni. Alivusha wajawazito mto ulipofurika. Alilishika daraja likivunjika, watu wakapita. Hata paa la Kombo, mchimba makaburi, lilipochukuliwa na upepo, alilifuata huko angani akalirudisha. Watu walishangilia, "Nyamvula! Nyamvula!" Wakishamaliza kushangilia walinong'ona, "Mtoto wa zimwi."

Ikafika Ijumaa moja. Watu walikuwa wametoka kusali, viatu bado mikononi. Ardhi ikatikisika, na kule juu mlimani sauti ikanguruma: "Watu wa Mwamtunda! Leo nafungua kinywa cha mlima. Moto utatembea mpaka ncha za dunia, na kila mwenye goti atalipiga!"

Debe likapigwa mara tatu. Nyamvula akafunga kanga shingoni. Akaruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka. Akajigusa kipaji, na kipaji kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Hakuruka mara ya tatu. Alipanda mlima kwa miguu.

Ndaro akamfuata nyuma, anachechemea, tupa ikiwa bado mfukoni mwa kanzu. Watu walimwambia, "Mzee, rudi!" Akasema, "Mimi ndiye niliyemkata jana. Nirudi wapi?"

Nyamvula alimkuta Gorongondo amesimama na mtaimbo mkononi, kinywa cha mlima kimefunguka nusu, chekundu ndani. Zimwi alipomwona alicheka kwa furaha.

"Mwanangu! Miaka ishirini nimekuangalia toka huku juu. Uliposhika lile daraja nilisema, hii ni damu yangu. Njoo usimame mkono wangu wa kulia." Kisha akainama, akamtazama usoni, na kicheko kikakatika. "Pembe zako ziko wapi? Nani amekukata?"

"Baba," akasema Nyamvula.

"Baba ni mimi!"

"Kama ni wewe, funga mlima."

Gorongondo akakasirika. Hasira yake haikuwa juu ya binti, ilikuwa juu ya tupa. Akaupiga mlima kwa mtaimbo, akiota kutawala dunia tu. Kinywa kikapasuka chote. Moto ukatoka mwingi kuliko alivyotaka, mwingi kuliko alivyojua. Akasukuma, ukamshinda. Akaukemea, haukumsikia. Maana kufungua alijifunza, kufunga hakujifunza.

Jabali likang'oka juu, likaja likibiringika moja kwa moja alipo Nyamvula. Yeye alikuwa akiutazama moto, hakuliona. Ndaro aliliona. Mguu mbovu ule ukakimbia, sijui kwa nguvu za nani. Alimsukuma binti, na jabali likamwangukia yeye, likatulia juu yake, kichwa na mkono mmoja tu vikabaki nje.

Nyamvula alipiga magoti akalisukuma jabali. Halikutikisika.

"Acha, mwanangu," Ndaro akasema. "Ile tupa. Nisamehe ile tupa. Nilitaka ukae na wenzako."

"Baba, usiseme sana."

"Nilipenda ukae na wenzako," akasema tena, na pumzi haikurudi.

Moto ulikuwa umeshaanza kuteremka kuelekea kijijini. Nyamvula alifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama, akaenda kwenye kinywa cha mlima, akaeneza mikono. Mtu wa kawaida, mbele ya moto ule. Kanga ikaanza kuungua pembeni. Hakurudi nyuma.

Gorongondo alikuwa amesimama anamtazama. Angeweza kuondoka zake. Zimwi haungui. Lakini alishika pembe yake ya kulia kwa mikono miwili, akaivunja. Mlio wake ulisikika mpaka msikitini. Akaiweka katika mkono wa kulia wa binti yake, na nguvu zikamwingia Nyamvula nusu. Akalirudia jabali, akaliinua mpaka magotini, halikufika juu zaidi. Kama Gorongondo angeishia hapo, angeishi, maana zimwi asiye na pembe hata moja hufa, naye alijua. Akaivunja na ya kushoto. Akaiweka katika mkono wa kushoto.

Nyamvula akaliinua lile jabali, lilelile lililomuua Ndaro, akalishindilia katika kinywa cha mlima. Moto ukazimika.

Alipogeuka hakuona zimwi. Aliona mzee mwembamba amelala chali, moshi umemtoka mabegani, kipajini ana majeraha mawili. Mzee akasema, "Simjui Mungu wenu kwa jina. Sikumtafuta. Lakini kama yupo, amtazame huyu mtoto." Kisha akamtazama yeye. "Lile daraja," akasema. "Ulilishika vizuri." Akafa.

Nyamvula aliteremka mlima akiwa amebeba wawili, mmoja bega hili, mmoja bega lile. Alikuwa analia kwa sauti, na watu waliokuwa wamekusanyika kumshangilia wakashusha mikono. Akawasimulia yote aliyoyaona na kuyasikia huko juu.

Maiti hazikai. Ilibidi wazikwe kabla jua halijatua. Ndaro walimwosha watu kumi. Yule mwingine, kila aliyeitwa alikumbuka shughuli nyumbani, mpaka Mwalimu wa msikiti akakunja mikono ya kanzu, akamwosha peke yake. Jeneza la msikiti lilikuwa moja, kwa hiyo mmoja alilazwa juu ya jeneza na mwingine juu ya kitanda cha kamba. Wakapelekwa makaburini. Kombo alikuwa ameshachimba ubavuni mwa Mejumaa, upande wa kulia. Upande wa kushoto ni mwamba, hauchimbiki. Mahali pengine palipokuwa wazi ni huko chini, penye miiba, wanapozikwa wapita njia wasiojulikana.

Kombo akasema akiwa ndani ya shimo, "Mleteni Ndaro. Huyo mwingine apelekwe kwenye miiba, na miiba inisamehe."

Nimbodze, dada wa Mejumaa, akamjibu, "We Kombo, miaka ishirini unamwita msichana huyu mtoto wa zimwi, na paa unalolalia alikuwekea yeye. Leo ndiyo umejua kuchagua baba?"

"Bi Nimbodze, mke wangu alichukuliwa na huyu mzee wenu. Mifupa yake iko huko juu, sijapata hata ukucha wa kuzika. Nimlaze muuaji katikati ya watu aliowaliza? Leo katoa uhai mmoja, ule wake. Alichukua mingapi?"

Watu wakasema, "Kweli."

"Sikatai," akasema Nimbodze, na sauti ikashuka. "Mimi nilichukuliwa dada yangu. Kama ni kuchukia, ningeanza mimi. Lakini wasia niliusikia kwa masikio haya. Mejumaa hakusema, mlazeni mtu mwema. Alisema, atakayetoa uhai wake kwa ajili ya mwanangu. Huyo mzee alijua kwamba pembe ya pili ndiyo kifo chake, akaivunja."

"Na Ndaro je? Hakutoa?"

"Alitoa, Mungu amrehemu. Alimfungulia dada yangu mlango sisi sote tulipofunga. Alimlisha, akamvalisha, akampuliza vumbi la pembe. Lakini tuseme ukweli mbele ya kaburi. Kama si ile tupa, mtoto angeruka, jabali angelidaka kwa mkono mmoja, na wote tungekuwa nyumbani tunakunywa uji."

Mzee mmoja akasema kwa ukali, "Tupa ile tulimshikisha sisi! Sisi ndio tuliosema mwenye pembe asiingie kisomoni."

Hilo watu walikuwa wanalijua, ila halikuwa limesemwa.

Wakamgeukia Mwalimu. Alikuwa mzee, mikono yake bado imelowa. Akasema, "Mmoja alimpenda akamkata pembe ili afanane na watu. Mwingine alimpenda jinsi alivyo, lakini alitaka afanane naye. Yale maneno aliyoyasema mwisho, sijui Mungu aliyapokeaje, hiyo siyo kazi yangu. Kazi yangu ni kuwaambia kwamba jua linashuka. Nyamvula, mwanangu, wewe ndiye utakayeketi hapa kila Ijumaa. Sema wewe."

Nyamvula alikuwa ameketi pale alipozoea kuketi tangu ana miaka tisa, kaburi la mama upande mmoja. Upande wa pili, ambako siku zote palikuwa na majani, sasa palikuwa na shimo, na Kombo amesimama ndani yake ameinua mikono, anangoja kupokea. Pajani alikuwa na tupa na pembe mbili. Akagusa kipaji. Kilikuwa kinawasha; keshokutwa pembe zake zingechomoza tena. Alhamisi ijayo hakuna wa kumpuliza vumbi. Na akiruka tena juu ya kijiji, hakuna wa kumwangalia toka mlimani.

Akatazama jeneza. Akatazama kitanda cha kamba. Sanda zote mbili zilikuwa nyeupe, na kwa mbali huwezi kujua ipi ni ya nani.

"Nimpokee nani, binti?" Kombo akauliza. Na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa upole.

Nyamvula akainuka, udongo mkononi, akafungua kinywa.

Nanyi mliokaa hapa, na kila mmoja wenu ana mtu wake chini ya ardhi, msinijibu upesi. Mmoja alimkata pembe, akafa chini ya jabali. Mwingine aliwasha moto, akavunja pembe zake kuuzima. Wasia ni mmoja, na shimo ni moja, na jua liko juu ya kilima.

Je, nani alistahili kulala ubavuni mwa Mejumaa?