Zimwi Lililovuma Sauti Moja

Tegeni masikio, msiosinzia. Zimwi lilikuwa likivuma kwa sauti moja, na kila lilipovuma nyumba ilianguka. Mji ukamtuma Shekuwe, mpiga zumari wa jumbe, mwenye kilemba kizito kuliko akili. Akaiga sauti ya zimwi. Sauti zao zikaungana, zikaanguka nyumba mbili. Akapuliza kwa nguvu zaidi, zikaanguka nne.

Bi Mize, mchonga zumari, akambetulia mdomo. "Bwana wee, moto hauzimwi kwa kuni."

Akamnyang'anya zumari, akaupunguza kwa wembe ulimi wa zumari, ule utete wa kupulizia, akapuliza sauti iliyopishana kidogo na ya zimwi. Sauti hizo mara zikakutana, mara zikauana: wuu, kimya, wuu, kimya. Zimwi likatetemeka, likapasuka.

Mji ukamvisha Shekuwe kilemba cha pili.

"Kikazeni," akasema Bi Mize. "Kichwa kitupu hupeperuka."