Mbwa Aliyerudishwa Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya waliolala? Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na anayetafuna amalize kutafuna, maana nikianza sirudii.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na nchi yao, na katika nchi ile palikuwa na boma. Boma la Wasio na Kwao. Aliyefukuzwa alipelekwa pale. Aliyezeeka akasahauliwa alipelekwa pale. Atakula, atalala, atangoja mtu wa kumchukua.

Mtunza boma alikuwa Kanga, binti Madoa. Binti mdogo, shingo nyembamba, mdomo usiofungwa. Kekeke kekeke asubuhi, kekeke kekeke jioni. Akifagia anaongea. Akiteka maji anaongea. Akiwa peke yake ndiyo kabisa, maana hakuna wa kumkatiza. Wakubwa wakamwambia, "Mwanetu, mdomo huo utakukosesha mume." Naye akawajibu, "Mume anayetaka bubu na aoe gogo."

Haya. Siku moja akaletwa mbwa. Jina lake Ukoko, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ile ya ukoko wa wali, kahawia huku, nyeusi kule, kama kaungua chini ya sufuria. Alitoka kwa Nyani. Nyani alimfunga kamba miaka minne, na kila akimtaka alimjia kimyakimya, akamvuta sikio la kushoto. Vuta, vuta, vuta, mpaka sikio likaoza. Likatoa usaha. Likanuka. Mguu wa nyuma nao ulichechemea, tika-taka, tika-taka. Akiona ufagio, anajificha. Akipewa mfupa, anakula nusu na nusu anafukia, maana hakuamini kwamba kesho ataletewa mwingine.

Na juu ya hayo yote, aliuma.

Ila Kanga hakumuuma. Hilo lishikeni, tutalihitaji mbele. Kila asubuhi Kanga alikuja na kibuyu cha maji ya mwarobaini, ya uvuguvugu, kekeke kekeke kutoka mbali, akamsafisha lile sikio huku akimpa habari za nani kagombana na nani. Ukoko akalaza kidevu chini, akatulia tuli.

"Asante, dada Kanga," alikuwa akisema. "Bawa lako jepesi."

Sasa sikilizeni mila ya nchi ile. Ukitaka kumsalimu mtu, huanzi na maneno. Unamwendea kimyakimya, upande wa kushoto, upande wa moyo. Unamgusa bega. Hapo ndipo unasema. Bega kwanza, neno baadaye. Asiyefanya hivyo aliitwa hana malezi, na nchi nzima ilitembea kwa kunyata ili ionekane ina malezi.

Akaja Mama Ngiri kutafuta mlinzi wa shamba. Akamwona Ukoko. Akauliza, "Na hilo sikio?"

Kanga alitaka kusema. Lakini Mzee Nyati, mkuu wa boma, alikwisha kuagiza: mgeni husifiwa, aibu zake hazitajwi. Kanga akameza maneno. "Litapona," akasema. Mama Ngiri akamchukua. Kesho yake alfajiri, Mama Ngiri kwa adabu zake zote akanyata, akaja kushoto, akamgusa bega. Ngwaf! Ukoko akarudishwa, na Mama Ngiri ana bendeji puani.

Akaja Bwana Beberu, mbuzi wa heshima, mwenye ndevu za kufagia njia. "Na hilo sikio?" "Litapona." Akamchukua. Siku ya nne Bwana Beberu akanyata, akaja kushoto, akamgusa bega. Ngwaf! Ukoko akarudishwa, na ndevu zimebaki nusu.

Baraza likaitwa.

"Nilimpa chakula," alisema Beberu, akishika ndevu zilizobaki. "Nilimpa mahali pa kulala. Nikamsalimu kama watu wanavyosalimiana. Akanila ndevu."

"Zenyewe zilihitaji kupunguzwa," alisema Kanga.

"Kanga," alisema Mzee Nyati.

"Nasema tu, mzee."

Mzee Nyati akakohoa. "Sheria inajulikana. Karudishwa mara mbili. Ana siku tatu. Asipopokewa, avushwe mto."

Ng'ambo ya mto alikaa Fisi na wanawe saba. Aliyevushwa hakurudi kusimulia alichokiona.

Kanga akasimama. "Mzee, naomba kuuliza. Siku sitini nimemsafisha mbwa huyu sikio. Siku sitini meno yake yapo karibu na shingo yangu hii, na mnaiona ilivyo. Kama yeye ni muuaji, mbona nipo hapa nawachosha?"

"Labda nyama yako chungu," alisema Beberu. Watu wakacheka.

"Labda. Lakini ndevu zako je, tamu?" Wakacheka zaidi. "Ipo sababu anawauma ninyi na mimi haniumi. Kazi ya baraza ni kuitafuta hiyo sababu. Kumvusha mto ni uvivu uliofungwa kilemba."

Mzee Nyati akapiga kwato chini, dii. "Uvivu? Basi kesho mdomo huo utapumzika. Jua lichomoze, jua lizame, nisisikie kekeke hata moja. Na hao wagonjwa wako utawasalimu kwa mila, uone kama utakufa."

Kesho yake Kanga akafunga mdomo. Kufagia, kimya. Kuteka maji, kimya. Ilimuuma kama jino bovu. Akachukua kibuyu cha mwarobaini, akamkuta Ukoko amelala kwenye jua. Akanyata. Akaja kushoto. Akamgusa bega.

Ngwaf!

Manyoya matatu ya mkia yakabaki mdomoni mwa Ukoko. Ukoko akageuka, akaona ni nani. Manyoya yakamdondoka. Akaanza kutetemeka, mguu mbovu na miguu mizima.

"Dada. Ni wewe? Sikukusikia. Wallahi sikukusikia. Nilidhani ni Nyani." Akalaza kichwa mchangani. "Waambie wanivushe tu, hata leo."

Kanga alisimama na mkia wake wenye pengo. Neno lile likamzunguka kichwani. Sikukusikia. Akaokota kifuniko cha kibuyu na jiwe. Akaenda nyuma ya Ukoko, upande wa kushoto. Ko! Ukoko hakutikisa hata unyoya. Akaenda upande wa kulia. Ko! Ukoko akageuka. Kushoto, ko. Kimya. Kulia, ko. Akageuka.

Adhabu ya Mzee Nyati ikaishia hapo hapo. "Ukoko, kaka yangu. Sikio hilo halisikii?"

"Halisikii. Tangu kwa Nyani."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nilikuwa na kasoro za kutosha, dada. Nikaona hii nyingine niifukie."

Kanga akakaa chini. Yeye, muulizaji wa kila mtu kila kitu, alisafisha sikio siku sitini asiulize kama linasikia. Na mara mbili aliulizwa habari za sikio lile, na mara mbili alisema litapona. Kumbe hakuumwa kwa sababu ya kekeke yake, inayomtangulia hatua mia. Kumbe waliokuja kwa adabu ndio waliokuja kama Nyani.

"Nisamehe," akasema.

"Wewe?" Ukoko alishangaa. "Mimi ndiye niliyekung'oa manyoya."

Siku moja imekwisha, zimebaki mbili. Kanga akawaza. Nani katika nchi hii ya wanyatao anatembea kwa kelele? Akawaza mpaka akampata.

Nyuma ya vichuguu alikaa Bibi Nungu, nungunungu mjane. Akitembea, miiba yake inagongana. Chakacha, chakacha. Tangu mumewe afe, miaka saba, hakuna aliyemsalimu. Si kwa ubaya. Ila salamu ni bega, na lile bega nani aliguse?

Asubuhi Kanga akafika, akasimama mbali. "Shikamoo, bibi."

Bibi Nungu alikuwa anachimba mhogo. Mhogo ukamponyoka. "Marahaba, mwanangu. Hebu rudia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rudia tena."

"Bibi, tutakesha."

"Sema basi kilichokuleta. Lakini ukiondoka uniage, nataka nisikie na hiyo."

Kanga akavuta pumzi. "Nina mbwa anayetafuta kwao. Nitakupa mabaya yake kwanza. Sikio lake litasafishwa kila asubuhi maisha yake yote, na linanuka. Anachechemea. Ufagio ukiinuka, anaingia uvunguni. Chakula anafukia. Na ukimjia kushoto kimyakimya atakuuma, maana upande huo hasikii. Mimi mwenyewe kaniuma jana, tazama mkia."

Bibi Nungu akautazama mkia. "Na mazuri?"

"Hamsahau aliyemtendea wema. Mpaka sasa ni mimi tu, kwa hiyo si kazi kubwa."

Bibi Nungu akaokota mhogo wake. "Anaogopa miiba?"

"Anaogopa ukimya, bibi."

"Basi ni ndugu yangu," alisema Bibi Nungu.

Siku ya tatu ikafika. Watu wamejaa ukingoni. Kiboko wa kuvusha yupo majini, mgongo tayari. Ukoko amekaa karibu na maji, hatazami mtu. Mara, kutoka mbali: chakacha, chakacha. Umati ukapasuka katikati, kila mtu anaokoa ngozi yake.

"Nimekuja kumchukua," alisema Bibi Nungu.

Mzee Nyati akatazama miiba, akatazama mbwa. "Vyema. Mwenyeji amguse mgeni bega la kushoto. Bila hivyo hajampokea."

Bibi Nungu akasimama. Akimgusa kushoto, Ukoko hatamsikia. Asipomsikia, atamuuma. Akimuuma, atakuwa amerudishwa mara ya tatu, na Kiboko yupo majini.

Kanga akapita mbele na pengo lake la mkia. Aliwaeleza habari ya kifuniko na jiwe, ko kushoto, ko kulia. Kisha akageuka. "Mzee Nyati, mila hii ilitungwa na nani?"

"Na waliotutangulia."

"Walikuwa na masikio mangapi yanayosikia?"

"Mawili. Kama kila mtu."

"Mabega yao yalikuwa na miiba?"

"Hayakuwa nayo."

"Basi walijitungia wao, na kwao ilifaa. Leo yupo hapa asiyesikia, na yupo hapa asiyegusika. Mila yetu inasema wote wawili hawana malezi. Miaka saba, mzee, nani kati yetu wenye malezi amemsalimu Bibi Nungu?"

Macho yote yakaenda chini. Ya Mzee Nyati pia.

Bibi Nungu hakungoja hukumu. Chakacha, chakacha, akazunguka upande wa kulia. Akasimama mbali kidogo. "Ukoko, mjukuu wangu. Ni mimi. Naja."

Ukoko akainua kichwa. Akageuka. Akasimama, na badala ya kungoja akaenda mwenyewe, tika-taka, tika-taka. Akalala kifudifudi, akaweka kidevu juu ya miguu ya mbele ya Bibi Nungu, pale pasipo na mwiba.

"Nimekusikia, bibi," akasema. "Asante kwa kunijulisha."

Akatoka Bwana Beberu. Akazunguka upande wa kulia, akagonga kwato, ko, ko, ko. "Ukoko. Ni mimi, Beberu. Naja."

Mkia wa Ukoko ukapiga mchanga. "Bwana Beberu. Zile ndevu, niwie radhi."

"Zinaota. Mke wangu anasema nimekuwa kijana."

Mzee Nyati akamgeukia Kiboko. "Nenda kaoge. Leo huna kazi." Kisha akamtazama Kanga. "Na wewe," akasema, "endelea na kelele zako."

Ukoko akaenda kwao.

Msidhani alipona. Sikio halikusikia tena mpaka kufa kwake. Bibi Nungu alilisafisha kila asubuhi, chakacha chakacha na kibuyu chake, na kila asubuhi aliambiwa asante. Ufagio ukiinuka, Ukoko bado aliingia uvunguni, na Bibi Nungu akajifunza kufagia mbwa akiwa shambani. Watu wakaanza kupita nyuma ya vichuguu. Wanasimama mbali, wanagonga, wanasema ni mimi, naja. Bibi Nungu anaitika, na anawaomba warudie.

Na siku moja Ukoko alipewa mfupa, akaula. Wote. Akalamba mdomo, akaenda kulala. Alipoamka akaenda bomani, akafukua ile nusu ya zamani aliyoifukia huko, akaibeba kwa Kanga, akaiweka chini mbele yake.

"Ya nini hii?" aliuliza Kanga.

"Ilikuwa ya kesho," alisema Ukoko. "Siihitaji tena. Asante, dada."

Kanga hali mifupa, kila mtu anajua. Aliupokea kwa mabawa mawili, akakosa la kusema. Hiyo ni mara ya pili kunyamaza katika maisha yake, na safari hii hakuna aliyemwamuru.

Ndiyo maana hata leo hatuingii kwa mtu kwa kunyata. Tunasimama nje, tunagonga, tunasema hodi, tunangoja karibu. Mafunzo yake ni haya: kabla hujasema fulani ana tabia mbaya, muulize kwanza anaumwa wapi. Na unapomtafutia mtu kwao, sema kweli yake yote, maana nyumba iliyojengwa kwa kuficha humrudisha mgeni.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bibi Nungu. Mwenye yake apige hodi, tutamsikia.