Kisima cha Bondeni

Sifa ni tamu, lakini anayezila bila kiasi hulewa kabla hajashiba. Ndivyo ilivyomfika binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia na kemia, aliyechaguliwa na chuo miongoni mwa wengi kufanya utafiti wa maji ya visima vya mtaani kwao.

Mwanzoni alijituma kama mchwa. Alikwenda kila kisima, akajaza chupa zake, akazibeba hadi maabara. Vijidudu havionekani papo hapo. Maji hutiwa kwenye visahani, vikawekwa katika kabati la joto hadi kesho yake, ndipo madoa ya vijidudu yajitokeze. Alisubiri bila kuchoka. Profesa wake, mtu mgumu wa kusifu, akamsimamisha mbele ya wenzake.

"Mikono ya huyu haikosei," alisema. "Mwigeni."

Kuanzia hapo kichwa kikamvimba. Wenzake walimwita Daktari kwa utani, naye akaitika kwa dhati. Mvua zilipoanza, njia ya kisima cha bondeni ikawa tope tupu. Alitazama viatu vyake, akageuza njia. Kisima kile hakijawahi kuonyesha hata doa moja, alijisemea. Akaandika kuwa maji ni salama.

"Bondeni umefika kweli?" mwenzake wa maabara alimuuliza.

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

Mwenzake akarudia visahani vyake.

Matokeo yakabandikwa mtaani. Shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama, akaacha kuchemsha maji ya bondeni. "Mwanangu ndiye aliyeyapima," aliwatambia majirani. "Nichome kuni za nini?"

Kumbe choo kilichofurika kwa mvua kilikuwa kimevujia kisimani. Kitinda mimba wa shangazi akaanza kuharisha na kutapika. Binti alipofika wodini mbio, alimkuta shangazi ameketi kando ya mtoto aliyefunikwa shuka hadi usoni.

"Shangazi..."

"Niambie kitu kimoja tu, mwanangu. Uliyapima?"

Binti akatazama viatu vyake. Shangazi akainuka, akampita kama mtu anayepita nguzo.

Profesa alimwondoa maabarani. Hilo halikumchoma sana. Kilichomchoma, na kinachomchoma hadi leo, ni kwamba akibisha hodi katika nyumba iliyomlea, shangazi humjibu kwa adabu kavu: "Karibu, mgeni."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.