Kisu cha Bibi Nambunga

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, fisi walipokuwa wengi kuliko watu, palikuwa na bibi mmoja, jina lake Nambunga. Alikuwa mzee. Si mzee wa kusifiwa, mzee aliyezeeka kweli. Meno yalikwisha. Macho yaliingia ukungu. Akiinuka, magoti yalilia ka! ka! ka! kama kuni mbichi motoni. Ukimwamkia asubuhi, atakuuliza u mtoto wa nani. Ukimwamkia jioni, atakuuliza tena. Na msicheke. Njia hiyo ni moja, haikwepi mtu ila aliyekufa mapema.

Aliishi na mwanawe Mkwinda, na Somoe, mke wa Mkwinda.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Mwanamke akizeeka hata akaanza kuunguza chakula, mkamwana wake huchukua kisu chake cha jikoni, akakichomeka juu kwenye nyasi za paa, asikifikie. Tangu hapo mzee hukaa barazani, akaletewa chakula. Basi Nambunga aliunguza mboga. Akaunguza ugali. Akakaribia kuunguza nyumba. Somoe akakichomeka kisu juu. Bibi akakitazama kule juu. Mikono tu ilibaki mapajani, ikichezacheza.

Ikaja njaa. Maghala yakabaki na panya, kisha panya nao wakahama. Msituni zikabaki ndiga tu, vile viazi mwitu vyenye sumu. Watu wa kale walizila, lakini namna ya kuitoa sumu ilikuwa imewapotea walio hai.

Mkwinda akasema, "Sumu gani hiyo isiyokufa kwa moto?" Akachemsha, akala. Jua halijashuka, yuko chini anatapika, macho yamegeuka, ulimi mzito kama jiwe. Alipona kwa taabu.

Somoe akamwendea mkwewe, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. U mtoto wa nani?"

"Mimi Somoe, mke wa mwanao. Mama, ndiga hutolewaje sumu?"

Bibi akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Nilijua, mwanangu. Imekwenda."

"Jaribu, mama. Maziwa yamenikauka. Mjukuu wako anakufa."

"Nimekwambia imekwenda! Unadhani nimeificha?"

Jirani yao, Binti Kalembo, alikuwa amesimama uani. "Somoe, wamuuliza huyo? Jana kaniita kwa jina la marehemu nyanya yangu, tena kaniuliza nimefufuka lini."

Somoe akainama akalia. Na kule kuinama ndiko kulikomwonyesha mikono ya bibi. Ilikuwa inachezacheza. Gumba linapita juu ya kidole cha shahada, linarudi. Linapita, linarudi. Somoe akakatisha kilio. Akapanda juu ya kinu, akachomoa kisu kwenye paa. Akakitia katika mkono wa kulia wa bibi. Katika wa kushoto akatia ndiga.

Mikono ikaamka!

Chwa, chwa, chwa. Ganda likadondoka. Chwa, chwa, chwa. Vipande vikatoka vyembamba, mwanga unapita ndani yake. Na bibi hata hakitazami kisu, anatazama mawingu.

"Mama, kinachofuata nini?"

"Kinachofuata nini wapi? Niache, nina kazi."

Binti Kalembo akashika mdomo.

Vipande vilipokwisha, bibi akainuka, ka! ka! ka! akaelekea mtoni. Hatua chache, akaanguka. Somoe akambeba mgongoni, mwepesi kama tita la majani makavu. Kufika mtoni, mikono ikajaza vipande kikapuni, ikakibana kikapu kwa mawe pale maji yanapokimbia.

Kila asubuhi Somoe alimbeba. Kila asubuhi bibi aliuliza wanakwenda wapi. Na kila asubuhi, akishawekwa ukingoni, mkono ulichukua kipande, ukakigusisha ncha ya ulimi.

"Bado."

Maji yakaenda, yakaenda.

"Bado."

Maji yakaenda, yakaenda.

"Bado."

Binti Kalembo akapayuka: "Neno alilobakiwa nalo ni hilo moja! Tutazikwa tukingoja bado yake!"

Mtoto wa Somoe alikuwa halii tena, na mtoto wa njaa asiyelia ndiye wa kuogopwa. Mkono wa Somoe ulikuwa umeshaingia kikapuni. Akayakumbuka macho ya mumewe yalivyogeuka. Akautoa mkono. Akasimama mbele ya kikapu.

"Shoga, atakayegusa, atapita juu yangu."

Ikaja asubuhi moja. Bibi akagusisha ulimi, akangoja. Akangoja sana. Kisha akakitafuna kipande kwa fizi, akameza.

"Pikeni."

Wakapika. Wakala. Hakutapika mtu. Maziwa ya Somoe yakarudi, na mtoto akalia, ng'aa! ng'aa! Kijiji kizima kikanyamaza kumsikiliza.

Bibi akaletewa bakuli lake barazani. Akaonja.

"Nani kaziosha ndiga hizi?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Usinidhihaki, mwanangu, mimi nimezeeka." Akaonja tena, macho yale ya ukungu yakalowa. "Aliyeziosha hizi kafundishwa na mama yangu."

Kisu hakikurudi kwenye paa. Alikuwa nacho mpaka siku ya kuzikwa, na ugali aliendelea kuunguza vilevile.

Basi enyi wenye magoti yasiyolia, shikeni hili: kichwa cha mzee kikivuja, mikono hukinga. Kabla hujamwambia hana kitu, mpe kazi uone.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, nipeni mkono niinuke.