Kikaango cha Bi Mashavu

Weusi wa kikaango si uchafu. Mmemsikia mama yenu akiyasema maneno haya leo asubuhi, mkanijia mbio kuniuliza yametoka wapi. Basi tulieni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huko Korogwe, enzi ambazo mkonge ulilisha watu, aliolewa binti mmoja aitwaye Semeni. Alikuwa amelelewa na mama mdogo mwenye ulimi mkali, aliyemwambia kutwa kwamba hajui kuosha hata kijiko. Kwa hiyo Semeni aliingia kwa mumewe na hofu moja tu: asije akarudishwa kwao kwa uvivu.

Fungate ilipokwisha, ikawa zamu yake kuwapikia wakwe kwa mara ya kwanza. Mama mkwe, Bi Mashavu, alimwonyesha vyombo uchagani. Mihogo ichemshwe kwenye sufuria, lakini mayai ni kwenye kikaango cha chuma, si kwingine. Kisha akaenda kuwaita mashangazi wa mume.

Semeni akakishusha kikaango. Lahaula, kilikuwa cheusi tititi, ndani nje. Akaona huo ndio mtihani wenyewe. Akakipeleka kisimani, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka na chuma kikawa cheupe. Maskini, sijapata kusikia mtu aliyejitahidi vile kujiharibia.

Wageni walipoketi, akapasua mayai. Yakaganda papo hapo. Alipoyakwangua yalitoka vipande vipande, chini yameungua, juu mabichi. Shangazi mkubwa akasema kwa sauti kwamba kama yai linamshinda, ugali atauweza? Semeni akabaki jikoni akilia, akijiona tayari yuko njiani na sanduku lake.

Bi Mashavu akaingia. Akakipapasa kikaango.

"Umekisugua wewe?"

"Ndiyo, mama. Nilikiona kichafu. Niwie radhi."

"Weusi wa kikaango si uchafu, mwanangu. Ni mafuta ya miaka arobaini, ya mama mkwe wangu na yangu. Ndiyo yanayoliachia yai."

Semeni akauliza kama atarudishwa kwao.

Bi Mashavu alijifuta macho, maana alikuwa amemkumbuka marehemu mama mkwe wake. Akachota mafuta ya nazi, akakipaka kile chuma, akakirudisha motoni. "Ukirudishwa, nani atakitia weusi mwingine? Mimi mikono imechoka."

Kisha akabeba sahani ya mayai yaliyoungua, akaketi mbele ya mawifi zake, akayala yote. Wakwe kama wale siku hizi ni wa kutafutwa.

Ilimchukua Semeni miaka kukirudishia kikaango rangi yake, na Bi Mashavu aliwahi kuiona. Alipofariki, ndugu walikuja kugawana vyombo. Sufuria na sinia zikaenda. Kikaango mtu mmoja alikiinua kwa vidole viwili, akataka kukitupa jalalani.

Semeni akampokonya, akakikumbatia kifuani juu ya kanga yake ya msiba.

"Weusi wa kikaango," akawaambia, "si uchafu."