Goti la Mama Mkwe

"Pima kwa goti la mama mkwe, si kwa jicho la jirani." Mmeusikia leo, Nyangi alipomwambia mwashi anayejenga ngazi za zahanati, nanyi mkacheka. Haya, chekeni. Lakini mmeniuliza ulikotoka, na wa kuulizwa kweli ni mimi, maana msemo huo ulizaliwa gerejini kwangu. Kaeni. Na wewe Robi, weka hiyo simu pembeni, ndipo nianze ulipoanzia.

Wakati huo nilikuwa fundi wa magari pale njia panda, huku huku kwetu milimani Tarime. Ryoba, mtu wa rika langu, alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya foo-wili. Injini ilikuwa nzima, ila springi zilikuwa zimelala, na kila akivuka mto mawe yalikwangua tumbo la gari. Akaja kwangu. "Magige, ninyanyulie hili gari."

Nikafanya kazi inavyotakiwa. Nilishuka naye mtoni, nikapima kwa fimbo jiwe refu kuliko yote, nikapima na tumbo la gari. Nikamwambia inchi mbili zinatosha. Springi mpya, chuma kimoja cha kuongezea, basi. Gari kuukuu halitaki makuu. Ukilipandisha mno linayumba kwenye kona, na mipira ya breki inavutika.

Angekubali, naapa. Lakini jirani yake, Gesabo, alikuwa na pikapu aliyoiinua mpaka watoto wakaiita Mnara, na siku hiyo alipita pale gereji akapunguza mwendo.

"Ryoba," akasema, "hilo lako linanyanyuliwa au linakunwa mgongo?"

Watu wakaangua kicheko. Ryoba akanigeukia. "Weka sita."

"Sita za nini? Mto unataka mbili."

"Wewe ni fundi au ni mchungaji? Weka sita!"

Nikaweka. Nikabadilisha mipira ya breki, nikafunga spesa, vile vyuma vya kuinulia bodi, na matairi makubwa, kazi safi kabisa. Msidhani nililazimishwa. Na mimi nilitaka watu waseme Magige anaweza. Hilo nimelikiri mara nyingi na bado halijanitoka moyoni.

Sasa sikieni. Mke wa Ryoba, Bhoke, alikuwa na mama yake mjane, Wankuru, aliyeishi juu kidogo ya kijiji. Kila Alhamisi Ryoba alimpeleka kliniki ng'ambo ya mto kupimwa presha na kuchukua dawa. Ninyi wa siku hizi mnawakumbatia wakwe zenu mpaka kwenye picha. Kwetu sisi ilikuwa mwiko mwanamume kumgusa mama mkwe, hata mkono. Wankuru hakukaa mbele na Ryoba. Alipanda nyuma mwenyewe: mguu kwenye bampa, mkono kwenye chuma cha bodi, huyo ndani, na mkwewe ametazama pembeni kwa heshima.

Alhamisi ya kwanza baada ya kazi yangu nilifuatana na Ryoba, nisikilize springi. Tulimkuta Wankuru kando ya njia, kadi ya kliniki mkononi. Tukasimama. Tukangoja, hatukusikia akipanda. Tuliposhuka tukamwona ameinua mguu, goti limefika linapoweza kufika, na bampa bado iko juu. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaushusha mguu, akajifanya anafunga kanga yake vizuri.

Jamani! Wanaume wawili wenye nguvu za kubeba injini, tumesimama tukitazama chini! Ryoba ni mkwewe. Mimi ni rika la Ryoba, kwa hiyo ni mkwewe vilevile. Bhoke alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga. Ryoba akasogeza jiwe apandie, likabiringika.

"Mama, ngoja tutafute mtu," Ryoba akasema, uso pembeni.

"Usihangaike, baba. Nitakwenda siku nyingine."

"Na dawa je?"

"Bado ninazo. Nendeni tu. Gari lenu zuri, limekuwa refu kweli."

Alilisifu! Heri angetutukana. Akageuka, akarudi kwake polepole.

Nikamwambia Ryoba, "Kesho lilete nikuchomelee kipandio." Kipande cha chuma tu, kazi ya nusu saa. Kesho yake nilikuwa na trekta la watu. Keshokutwa yeye alikwenda mnadani. Tukaambiana wiki ijayo. Kila Bhoke alipomuuliza mama yake habari za kliniki, alijibiwa, "Nina nafuu, nitakwenda mwenyewe." Hakutaka mkwewe aonekane amekosea. Dawa zikaisha, naye akanyamaza. Alhamisi tisa zikapita hivyo, na kipandio sijachomelea.

Asubuhi moja Bhoke alimkuta mama yake ameanguka jikoni, upande mmoja umekufa, ulimi mzito. Ryoba akaja mbio na gari, akanipitia njiani. Siku hiyo hatukutazama pembeni. Tulimbeba sisi wenyewe, Ryoba na mimi, tukampandisha kwenye lile gari refu. Alikuwa mwepesi. Macho yake yalikuwa wazi, akiona tunavyomshika, na chozi likamtoka. Sijui la maumivu, sijui la aibu. Mto tuliuvuka bila jiwe hata moja kugusa. Tulipopanda ukingo wa pili, Bhoke, aliyekuwa amempakata kule nyuma, akagonga paa la gari. Ryoba akasimamisha. Hapakuwa na haja ya kukimbia tena.

Baada ya matanga Ryoba alileta gari nilishushe, na Bhoke akaja naye. Nilipotoa tepu yangu ya kupimia, akanitazama.

"Shemeji Magige, ile mara ya kwanza ulipima nini?"

"Nilipima mto, shemeji."

"Hapana. Mto ulikwambia mbili. Ulipima jicho la Gesabo. Goti la mama yangu hakuna aliyelipima."

Hakupaza sauti. Ryoba akakaa chini palepale penye oili chafu, akalia kwa sauti. Mimi nililishusha gari mpaka inchi mbili, nikachomelea na kipandio. Nusu saa, kama nilivyosema. Kilikuwa cha nini tena?

Mafundi wenzangu waliyasikia maneno ya Bhoke. Mteja akija na makuu yake, wakawa wanamwambia hivyo. Maneno yakafupishwa, yakatoka gerejini, mpaka leo anaambiwa mwashi wa ngazi. Wengi wanaoyasema hawajui kwamba mama mkwe huyo alikuwa na jina, Wankuru, wala kwamba fundi aliyekosea bado yu hai. Pima kwa goti la mama mkwe, si kwa jicho la jirani.