Kijoho cha Bupe na Kitanzi cha Mwisho

Nina kisa ambacho nimekikunja na kukikunjua kwa miaka mingi, na bado sijaona ncha yake iko wapi. Nimewasimulia watoto, wakanyamaza. Nimewasimulia wazee, wakagombana. Leo nakiweka mbele yenu. Sogeeni karibu, na mlango urudishwe kidogo.

Palikuwa na kijiji mgongoni mwa mlima, mahali pa baridi, ambapo ukungu hupanda kutoka korongoni mchana kweupe na kufunika migomba, njia na sauti za watu. Wenyeji walikuwa na amri mbili kuhusu ukungu huo. Ya kwanza: ukisikia unaitwa ukiwa ndani yake, usiitike, hata kama sauti unaijua. Ya pili: mtoto akipotelea ukunguni, atakayemrudisha ndiye mama yake tangu siku hiyo. Atalala kwake na atakua kwake. Amri hii ya pili haikutumika mara nyingi, kwa kuwa watoto waliorudi walikuwa wachache.

Hapo kijijini walikuwapo wanawake wanne waliounganishwa na nyumba moja, kila mmoja na kipaji chake.

Bibi Ikupa alikuwa na kipaji cha kusokota. Alifuga kondoo wake mwenyewe, akawanyoa mwenyewe, na uzi uliotoka vidoleni mwake haukukatika. Watu walimtania kwamba uzi wake unaweza kumfunga ndama, na siku moja jirani akaufungia ndama kweli.

Binti yake, Subilaga, alikuwa na kipaji cha kumalizia. Alichokifunga hakikufunguka. Mkia wa uzi aliuficha ndani ya kazi hata usijue ameishia wapi. Hata madonge yake ya uzi yalikuwa na umbo lake, umbo la yai, ncha ikiwa imechomekwa katikati. Subilaga aliolewa na Lusajo, akamzalia binti, Bupe, na akaanza kumfumia kijoho cha sufu kwa sindano ya kroshia, ile yenye kichwa kilichopinda. Kijoho ni vazi la kuingiza kichwani. Huanzia shingoni na kushuka duara baada ya duara. Alimaliza ukosi, akaukaza vizuri. Kisha homa ikamchukua.

Tusekile ndiye aliyeolewa na Lusajo baada ya hapo, na kipaji chake kilikuwa kufuma baina ya kilio na kilio. Wenzake walisubiri watoto walale ndipo washike sindano. Yeye alifuma uji ukitokota, mtoto akiwa mgongoni, mguu mmoja ukimzuia mwingine asiingie jikoni. Alipenda kroshia kwa sababu kitanzi kinachosubiri huwa kimoja tu: ukiitwa, unaweka chini na kwenda. Tatizo lake lilikuwa mwisho. Kila alipofika mwisho, mtoto alimwita. Kwa hiyo kofia na soksi za nyumba yake zilining'iniza nyuzi, na majirani walicheka: "Hao watoto wa Tusekile wana mikia." Bupe alimlea kama wanawe, na kijoho kile alikiendeleza kutoka pale marehemu alipoachia.

Wa nne ni Asajile, dada yake Lusajo, ambaye hakujaliwa mtoto. Kipaji chake wengi walikiita kasoro: alikuwa haitiki. Tangu utotoni ungemwita mpaka ukaukwe koo. Si kwamba hakusikia. Akiwa na jambo lake, jina lake lilimpita kama upepo unavyopita juu ya jiwe. Mama yake alizeeka akiita.

Basi, siku moja asubuhi Tusekile alifika duara la mwisho la kijoho. Bupe alikuwa na umri wa kutosha kusimama kandoni na kuuliza, "Bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Bado kidogo ngapi?"

"Kimoja tu. Hiki cha mwisho nikikaze."

Hapo uji ukafurika. Mtoto wa mgongoni akaanza kulia, na Gwamaka, mdogo wake Bupe, akaonekana amekaa ndani ya ndoo ya unga, mweupe hadi kope. Tusekile akachomoa sindano, akaweka kijoho kigodani kitanzi kikiwa wazi, akakimbilia jikoni. Aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu na Bupe hayupo.

Mlango ulikuwa wazi na nje hakukuonekana kitu. Ukungu ulikuwa umesimama kizingitini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Kwenye msumari wa mlango palikuwa na uzi. Ule mkia ambao haukufungwa ulikuwa umenasa pale, na kutoka msumarini uzi ulinyooka ukaingia ukunguni. Ulikuwa unatetemeka kidogo kidogo, duara kwa duara, kama kitu kinachofumuka juu ya mwili unaotembea.

Tusekile alielewa. Akaushika uzi kwa mikono miwili usije ukachomoka msumarini. Hakuuvuta, na hakuita, kwa kuwa kumwita mtoto ukunguni ni kuyafundisha yaliyomo humo jina lake. Asajile alikuwa anapita uani na kikapu cha viazi.

"Wifi," Tusekile alisema kwa sauti ya chini, "Bupe yuko mwisho wa uzi huu."

Asajile alitua kikapu. Akaupitisha uzi katikati ya vidole vyake, akaingia.

Baadaye alisimulia kwamba hakuona hata miguu yake. Aliona kwa vidole. Alipofika mahali ambapo kwa kunusa alidhani ni shamba la viazi, alimsikia Tusekile nyuma yake akiita kwa furaha: "Wifi, rudi! Ameshapatikana, yuko jikoni!" Akaendelea. Akamsikia kaka yake, na kaka yake siku hiyo alikuwa mnadani, mbali. Akaendelea. Mwishoni akamsikia mama yake mzazi, aliyezikwa zamani, akimwita kwa uchovu uleule wa siku zote. Asajile alisema hapo ndipo alipotaka kuitika, kwa mara ya kwanza maishani. Lakini alikuwa na jambo lake.

Uzi ukamfikisha. Bupe alikuwa ameketi kwenye majani, na mbele ya vidole vya miguu yake ardhi ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo korongo linapoanza. Kijoho chote kilikuwa kimefumuka isipokuwa ukosi. Ukosi ule alioukaza Subilaga ulikuwa haukulegea hata kitanzi, na uzi ulikuwa umekazika kutoka shingoni mwa mtoto hadi mlangoni kwao, umemzuia asipige hatua nyingine. Haukukatika.

Asajile akambeba, akarudi kwa kuufuata uzi uleule. Alipofika alimkuta Tusekile bado ameshika ncha, mtoto wa mgongoni amelala, unga wa Gwamaka umetapakaa nyumba nzima.

"Mbona uliniita?" Asajile aliuliza.

"Sikufungua mdomo, wifi."

Wakamfunika Bupe kanga mbili. Tusekile akamuuliza taratibu, "Nani alikuambia utoke nje?"

"Mama."

"Mimi?"

"Hapana. Yule asiye na mtoto mgongoni."

Asajile akachuchumaa mbele yake.

"Na ukakaa chini kwa nini?"

Bupe akagusa ukosi shingoni mwake. "Alinishika hapa. Akasema basi, kaa."

"Nani?"

"Si ni huyohuyo," alisema mtoto, akishangaa wakubwa wasivyoelewa, akaomba uji.

Ukungu ulipoondoka, walitoka kuokota uzi uliobaki majanini. Njia nzima hapakuwa na uzi. Waliukuta pale ukingoni mwa korongo, mkavu, umeviringwa donge moja la umbo la yai, na ncha imechomekwa katikati.

Habari ilifika kwa Bibi Ikupa kabla ya mchana. Alikuja na fimbo yake, na nyuma yake akaja balozi wa nyumba kumi, Mama Seku, mwanamke asiyependa maneno marefu. Lusajo naye alirudi kutoka mnadani akakaa karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuwa wa kwanza kutoka.

"Mjukuu wangu namchukua," alisema Bibi Ikupa. "Kwangu ukungu haufiki. Uzi uliomshika ni wangu. Mngetumia ule wa dukani, sasa hivi mngekuwa mnachimba kaburi."

"Uzi wako ungekuwa umekaa kigodani, mama," alisema Asajile. "Haukutembea kwenda kumbeba. Nimembeba mimi, kwa mikono hii. Amri inasema atakayemrudisha."

"Wewe! Wewe ambaye hata ukiitwa kula huji!"

"Ndiyo maana nimerudi."

Mama Seku karibu acheke, akajikohoza. "Tusekile, na wewe?"

Tusekile alikuwa ananyonyesha. "Mimi sina la kujisifu, Balozi. Nilisahau kufunga."

"Sema vizuri!" alifoka Bibi Ikupa. "Sema umempeleka mtoto wa watu ukunguni kwa mkia wa uvivu!"

"Si uvivu, mama. Ni watoto watatu." Sauti yake haikupanda, ila mkono uliomshika mtoto ulikaza. "Ningekifunga kitanzi kile, Bupe angetoka hivyohivyo, kwa sababu aliitwa. Angetoka amevaa vizuri, na mlangoni pasingebaki kitu cha kumfuata. Mkia mnaoucheka ndio ulionasa. Na Bupe ananiita mama. Mkimtoa hapa, nitamwambia nini Gwamaka akiuliza dada yake yuko wapi?"

"Lusajo?" aliuliza Balozi.

"Mimi naona kila mmoja ana haki yake," alisema Lusajo.

"Hilo hata mbuzi analiona. Nyamaza basi."

Kila mtu mle ndani alikuwa na neno moja mdomoni na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa. Ukosi ndio uliomzuia mtoto, na ukosi ulikuwa wa Subilaga. Lakini ukisema ni marehemu aliyemrudisha, amri inasema mtoto atalala kwa aliyemrudisha. Na Subilaga alikuwa analala wapi? Bibi Ikupa, ambaye kwa haki ya damu angependa kumtetea binti yake, alitazama sakafu.

Mwishowe Mama Seku akatoa uamuzi. "Mmoja simpati. Kwa hiyo kilichofumuka kifumwe upya, juu ya ukosi uleule, kwa uzi uleule, na ninyi watatu pamoja, humu ndani. Kikifika mwisho, mtaniita. Mtakaa uani mkubaliane nani atakaza kitanzi cha mwisho. Atakayekikaza ndiye mama wa Bupe, na sitaki kusikia tena."

Wakafanya hivyo. Walifuma kama Tusekile alivyozoea, kwa vipande vya muda. Mmoja akifuma duara, mwingine anamwogesha Gwamaka. Bibi Ikupa akifuma, mtoto mchanga anamvuta hereni. Waliketi karibu hata wakaanza kutaniana. Bibi Ikupa alishangaa jinsi siku ya nyumba ile ilivyokuwa imekatikakatika, na bado kazi ikasonga. Siku moja alimwambia Tusekile, bila kumtazama, "Binti yangu naye angekuwa na wengi, labda angeacha mikia."

Kijoho kikafika mwisho. Palibaki kitanzi kimoja. Wakakiweka kigodani, sindano ikiwa ndani ya kitanzi, na Bupe akiwa amelala mkekani pembeni. Wakamwita Balozi. Ilikuwa mchana, jua lipo. Walikaa uani, wote, pamoja na watoto wengine, mlango ukiwa mbele ya macho yao, na nyumba ile haikuwa na mlango mwingine.

Hawakugombana sana. Nasikia walikuwa karibu kukubaliana. Ila jina walilokuwa karibu kulitaja, kila mmoja baadaye alilisema tofauti.

Waliporudi ndani, kitanzi kilikuwa kimekazwa. Sindano ilikuwa imelazwa vizuri kando ya kigoda. Wakautafuta mkia wa uzi pindo lote, kwa macho na kwa vidole, hawakuuona. Ulikuwa umefichwa ndani ya kazi hata usijue umeishia wapi. Bupe alikuwa bado amelala, viganja vyake vidogo viko wazi.

Bibi Ikupa alikaa chini. "Hii ni kazi ya mwanangu," alisema.

"Nilisema atakayekikaza," alisema Mama Seku polepole, na kwa mara ya kwanza walimwona akitamani kuyarudisha maneno yake.

Asajile akasema huenda Subilaga amedai mtoto wake. Tusekile alikishika kijoho, akakigeuza, akasema pengine yule aliyekaza hakudai. Pengine alikuwa mama aliyeona mwenzake ana kazi nyingi, akamsaidia kumalizia, akafunga ili pasibaki tena uzi wa kuvuta mtoto wala wa kuvutwa naye.

Ndipo jua likafifia. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka korongoni. Bupe akaamka, akajikunyata kwa baridi, akainua mikono yote miwili juu, kama watoto wanavyofanya wakitaka kuvalishwa.

Uamuzi ulikuwa umeshatolewa mbele ya watu, na ulikuwa umeshatekelezwa na mkono ambao hakuna aliyeuona; kumvalisha mtoto kijoho kile huenda kungekuwa kuukubali. Kilichobaki ni Tusekile, amesimama katikati ya chumba, kijoho mikononi, mtoto akimsubiri.

Sasa niambieni ninyi. Mtoto huyu ni wa nani: wa aliyesokota, wa aliyeacha wazi, wa asiyeitika, au wa aliyefunga? Na wewe uliyekaa karibu na mlango, ungekuwa ni wewe umekishika kijoho kile, je, ungemvalisha?